Sanamu ni Amana

Mauti humtoa mtu nyumbani mwake kwa siku moja, lakini kumtoa katika mawazo ya jamaa zake hayawezi hata kwa miaka mingi. Aliyekufa hana mkono wa kupokea wala kinywa cha kudai, walakini walio hai hujiona kuwa wana deni lake. Deni hili ni la ajabu, maana mdai hayupo, hati haipo, na shahidi ni moyo wa mdaiwa mwenyewe. Kila taifa limetafuta njia yake ya kulilipa. Wako wasomao dua, wako watungao tenzi za maombolezo, wako wachorao jina juu ya jiwe, na wako wachukuao mti wakauchonga mpaka ukapata kichwa, shingo na kiwiliwili. Hawa wa mwisho ndio wanaosumbua akili za wengi, kwa sababu chenye sura ya mtu hakiwezi kutazamwa kama gogo.

Swali lifaalo kuulizwa ni hili: sura ya mtu iliyochongwa hupata wapi maana yake ya kiroho na ya kishairi? Je, maana hiyo imo ndani ya mti, au imo machoni mwa mtazamaji, au imo katika jambo jingine lililo baina yao? Swali hili si mchezo wa wanafalsafa. Juu ya jibu lake hutegemea haki na batili ya matendo mengi, kwani mtu akijua maana ya kitu inakaa wapi, atajua pia ni nani awezaye kukiuza, ni nani awezaye kukihifadhi, na ni nani anayestahili kurudishiwa.

Pwani ya Kenya yatoa mfano ulio bora. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Waungwana wa pwani walikuwa wakijenga nguzo ndefu za mawe katika makaburi ya wakubwa wao, wala hawakuchonga sura ya binadamu, kwa kuwa dini yao haikupenda viumbe vifananishwe. Si mbali na hapo, katika vijiji vya Wamijikenda, na hasa vya Wagiriama, zimesimama mbao zilizochongwa ziitwazo vigango. Jirani mmoja ameepuka sura ya mtu na mwingine ameifuata. Hata hivyo nguzo na kigango vyote viwili husimama wima kama mtu asimamavyo, kana kwamba watu wa pande zote mbili hawakuridhika kumwona mfu wao amelala tu.

Kigango huchongwa katika mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Kichwa chake aghalabu ni cha mviringo, mara nyingine bapa kama sahani. Shingo ni nyembamba. Kiwiliwili ni ubao mrefu usio na mikono wala miguu. Baadhi ya vigango hupita kimo cha mtu mzima. Juu ya ubao fundi hutia mikato ya pembetatu, safu juu ya safu, na vitambaa hufungwa kama mavazi. Hakisimamishwi juu ya kaburi. Kaburi ni la mwili, na kigango ni makao ya koma, yaani roho ya mzee aliyekufa, apate kuwa karibu na watu wake. Wala si kila mfu huchongewa kigango. Heshima hiyo ni ya watu wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na hadhi ambao waliingia kwa kutoa ada na karamu kubwa. Wafu wengine husimamishiwa vijiti vidogo visivyo na nakshi nyingi.

Aghalabu mwanzo wa kigango ni ndoto. Mzee aliyekufa humjia mmoja wa jamaa zake usingizini akalalamika kwamba amesahauliwa. Au huzuka maradhi na misiba katika nyumba, na mganga aulizwapo hujibu kuwa marehemu anataka kigango chake. Hapo jamaa hukusanya mali, humwita fundi, hupika chakula, humwaga tembo la mnazi ardhini, na kigango husimamishwa. Tangu siku ile hakiitwi ubao tena. Husemeshwa, hupewa sehemu yake ya kinywaji, na huombwa radhi.

Katika desturi hii yako mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba kigango huanza na lawama. Sanamu nyingi za miji mikubwa husimamishwa ili aliyekufa asifiwe na wapita njia. Kigango husimamishwa kwa kuwa aliyekufa amelalamika. Ile humwinua mfu, na hiki humwonya aliye hai. La pili ni kwamba thamani yake haitoki mkononi mwa fundi peke yake. Fundi hutoa umbo. Jamaa hutoa jina, chakula, kinywaji na maneno. Mti uleule, uliochongwa na fundi yuleyule kwa mikato ileile, usiposimamishwa kwa ajili ya mtu fulani, ni ubao wenye nakshi na basi. Kwa hiyo maana ya kiroho ya kigango haikai ndani ya mti wala haikai machoni mwa mtazamaji. Hukaa katika ahadi iliyofungwa baina ya aliyekufa na walio hai, na mti ni mahali ahadi hiyo ilipofungiwa.

Mgeni akikitazama kigango mara ya kwanza huweza kudhani kwamba fundi hakujua kuiga maumbile. Atauliza: mikono iko wapi? Mbona uso hauna tabasamu wala makunyanzi? Maswali haya ni kama ya mtu anayelisoma shairi akitafuta ndani yake orodha ya bei za sokoni. Shairi halielezi jambo kama karani aelezavyo. Hulipima kwa mizani, hulifunga kwa vina, huliweka katika fumbo, na msikilizaji hulifumbua kwa kadiri ya akili na mapenzi yake. Mshairi akimwita marehemu mwamba uliozuia mawimbi, hapana aulizaye mwamba huo ulikuwa wa rangi gani. Kila mfiwa hutambua mara moja ni wimbi lipi lililozuiwa, na ni nani ambaye sasa litampiga.

Kigango hushika njia hiyohiyo. Hakisemi pua ya marehemu ilikuwaje wala alikuwa mnene au mwembamba. Husema kwamba alisimama, na kwamba bado amesimama. Pembetatu zinazorudiwa safu kwa safu ni kama vina, ambavyo uzuri wake ni kurejea mahali palipotazamiwa. Na ule ukosefu wa mikono na miguu waweza kusomwa kama fumbo lililo kubwa kuliko yote: koma halimi tena wala hatembei, na walio hai ndio mikono yake na miguu yake. Sanamu iliyotimia kila kiungo haihitaji mtu. Hii iliyopungukiwa humwita mtazamaji aje aitimize. Ushairi wa kigango, basi, umo katika kile kilichoachwa bila kuchongwa.

Hata jina lake lina sauti ya kufikirisha. Mswahili hawezi kusikia neno kigango asikumbuke kuganga, nalo ni kutibu mgonjwa na kuunga kilichovunjika. Katika nyumba iliyofiwa kimevunjika kitu ambacho hakionekani. Mwana amepoteza mtu wa kumwuliza, ndugu amepoteza mtu wa kugombana naye na kupatana naye, na maneno mengi yamebaki bila kusemwa. Mahali ambapo maneno hayo yataweza kusemwa, hata kama hayatajibiwa, ni dawa. Kwa maana hii kigango huwaganga walio hai zaidi ya kumpendeza aliyekufa.

Hapa hutokea pingamizi la dini, nalo ni pingamizi zito lisilofaa kupuuzwa. Mwislamu au Mkristo aweza kusema kwamba kusemesha mti ni kuabudu mti, na kwamba heshima ipitayo mpaka ni shirki. Mwenye imani hiyo ana haki ya kukataa kusimamisha kigango katika uwanja wake. Lakini yafaa aelewe anachokikataa. Wamijikenda humtaja Mulungu kuwa mkuu wa vyote, na koma kwao si mungu. Ni mzee aliyetangulia, ambaye utii anaostahili ni ule wa mzazi. Wala hapana Mgiriama anayedhani kwamba ubao ule ulizaa watoto. Aliyeibusu barua ya mama yake hakuiabudu karatasi. Na hata yule ambaye baada ya maelezo hayo yote bado aona kosa, kosa hilo ni baina ya mwenye kigango na Muumba wake. Kuikataa imani ya jirani hakumpi mtu mamlaka juu ya amana ya jirani.

Kwa bahati mbaya, mamlaka hayo yalichukuliwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi ving'olewa vijijini, mara nyingi usiku, vikapelekwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa, na kutoka hapo vikavuka bahari. Vilinunuliwa kwa fedha kidogo vikauzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola. Wataalamu wa anthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles walipofuatilia habari zao, waliona kwamba zaidi ya vigango 200 vilikuwa vimeingia katika makumbusho ya Marekani peke yake, vingi vikiwa vimetolewa zawadi na matajiri waliovinunua.

Kisa kimoja chatosha kuwakilisha vingine. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Haukupita muda mrefu vigango vile vikaibwa. Mzee alitafuta asivione, naye akafa bila kuviona. Mwaka 1999 kimoja kilitambulikana katika mkusanyiko wa chuo kikuu kimoja cha Illinois, kwa kulinganishwa na ile picha. Na cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Baada ya madai na barua nyingi vyote viwili viliachiwa virudi Kenya, na mwaka 2007 kimoja kilipokewa kwa sherehe kijijini kilikotoka. Ndugu walirudi, lakini aliyewalilia hakuwapo kuwapokea.

Yafaa kuzisikiliza hoja za mnunuzi, kwa maana haki isiyosikiliza upande wa pili ni nusu ya haki. Mnunuzi husema kwanza kwamba kitu kizuri ni mali ya macho yote, na si vyema kifichwe kijijini. Husema pili kwamba kama asingalikichukua kingalioza kwa mvua na mchwa. Husema tatu kwamba hakuiba. Alilipa fedha, tena kwa mtu wa kabila lilelile.

Hoja ya kwanza inachanganya kutazama na kumiliki. Uzuri wa mke wa mtu huonekana na wapitao, wala hapana ambaye kwa sababu hiyo huhesabu kuwa ana sehemu katika ndoa. Kigango hakikufichwa, kilisimama wazi mbele ya mbingu, na aliyetaka kukitazama aliweza kukiendea akaeleza shida yake, akakaribishwa. Alichokosa mnunuzi si nafasi ya kuona. Alikosa subira ya kubisha hodi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba kigango huoza. Desturi haitaki king'olewe mahali pake; jamaa wakihama kwenda shamba jingine hukiacha palepale, na huko waendako husimamisha alama nyingine ndogo. Kigango cha kale hubaki peke yake, jua na mvua vikakila, kikainama, kikaanguka, kikawa udongo. Mwenye makumbusho huona hapo hasara. Lakini pengine kuoza huko ni beti la mwisho la shairi lenyewe. Kumbukumbu ya mtu nayo huzeeka. Watoto humkumbuka kwa sura, wajukuu kwa hadithi, vitukuu kwa jina, na wanaofuata hawamjui. Kigango hufa polepole kama kumbukumbu ifavyo, na mti na mtu hufika udongoni kwa mwendo mmoja. Anayekipaka dawa na kukitia katika kabati la kioo huuokoa mti, lakini huukata mwendo ule katikati. Amehifadhi ubao na kuipoteza saa iliyokuwa ikihesabiwa ndani yake.

Hata hivyo mtu mwenye insafu atakiri kwamba jibu hili halimalizi kila kitu. Yuko kijana wa Kigiriama azaliwaye leo mjini, ambaye baba yake hakumwonyesha kigango wala hakumweleza Gohu ilikuwa nini. Kijana huyu akikiona kigango kwa mara ya kwanza ndani ya makumbusho, akasimama mbele yake akashtuka moyoni, je, kabati lile la kioo halikumfaa? Bila shaka limemfaa. Makumbusho yaweza kumpa mtu elimu ya amana. Isipokuwa elimu ya amana si amana, kama vile kujua maana ya kiapo si kuapa. Na elimu hiyo ikitolewa kwa kitu kilichoibwa, humfundisha kijana masomo mawili kwa mara moja: kwamba wazee wake walikuwa na hekima, na kwamba hekima yao iliweza kubebwa na yeyote.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, maana haimgusi mgeni peke yake. Ni kweli kwamba mara nyingi mkono wa kwanza uliokitikisa kigango kikatoka ardhini ulikuwa mkono wa kijana wa nchi ileile. Pengine alikuwa na njaa. Pengine alikuwa ameingia dini nyingine, na kwake ubao ule haukuwa tena babu ya mtu. Umaskini hueleza tendo lake, na aliyeshiba asifanye haraka kumhukumu. Lakini kueleza si kuhalalisha. Aliuza asichopewa. Kigango hakikuwa mali yake, na kwa kweli hakikuwa mali hata ya baba yake aliyekisimamisha. Mwenye mali aweza kuuza. Mwenye amana hawezi, kwa sababu amana ina mwenyewe. Na hapa mwenyewe ni marehemu, ambaye hawezi kutia sahihi. Ikiwa hapana duniani aliyekuwa na uwezo wa kukiuza, basi hapana pia aliyeweza kukinunua, na fedha iliyolipwa, iwe ndogo au kubwa, ilinunua mti mtupu.

Serikali zimefanya kazi yake kwa kadiri. Kenya ilitunga Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa mwaka 2006, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2014 makumbusho ya sayansi na maumbile ya Denver, Marekani, yaliamua kuvirudisha Kenya vigango 30. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini yameleta swali jipya ambalo sheria haiwezi kulijibu. Vingi vya vigango vinavyorudi havina habari ya nyumba vilikotoka. Wale ndugu wawili walikuwa na bahati ya picha, wengine hawana. Wamerudi katika nchi yao, na nchi nzima haijui ni nani kati ya watu wake wa kuwaita baba.

Kigango cha namna hii ni kama yatima kwa upande wa juu: hakukosa wazazi, amekosa wana. Afanywe nini? Akiwekwa katika makumbusho ya nyumbani, amebadilishiwa kabati tu. Akirudishwa porini bila jina, aweza kuibwa mara ya pili. Na akizungushiwa chuma asiibwe, huonekana kama mfungwa katika uwanja wake mwenyewe. Pengine jibu lililo karibu na haki ni lile litakalotolewa na wazee wa mahali wakikaa pamoja na kukubali kumpokea asiyejulikana kwa niaba ya wote. Jamii ikifanya hivyo itakuwa haikurudisha ahadi ya zamani, kwa kuwa ile imekatika. Itakuwa imefunga ahadi mpya, na hilo lawezekana, kwa maana tangu mwanzo kilichompa mti uhai ni neno la walio hai.

Basi sura ya mtu iliyochongwa ni kitu dhaifu na kitu chenye nguvu. Ni dhaifu, maana shoka laweza kuikata na usiku mmoja waweza kuificha. Ni yenye nguvu, maana yamtaka kila aisimamiaye mbele aseme yeye ni nani kwake. Kwa jamaa ni mzee, kwa fundi ni kazi, kwa mwanachuoni ni hoja, kwa mchuuzi ni bei. Mti haujibishani na yeyote kati yao. Husimama kimya na kila mmoja hujihukumu kwa jina alilouita. Na anayetaka kujua kama aliheshimu sanamu asijiulize aliitazama kwa muda gani, wala aliisifu kwa maneno mangapi. Ajiulize kama kabla ya kuigusa alimwuliza mwenyewe.